Kurekebisha Hati ya Madai kwa Mwananchi Anayejisimamia Mahakamani

Msimu wa mavuno unapokwisha mkoani Singida, alizeti, vitunguu na dengu huuzwa kwa makubaliano ambayo mara nyingi hufanywa kwa maneno, au huandikwa kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Mashamba nayo hurithiwa, hugawanywa na kuuzwa mbele ya mashahidi wachache, ambao baada ya miaka kadhaa huhama au hufariki. Makubaliano hayo yanapovunjika na usuluhishi wa kifamilia ukashindikana, mwananchi huelekea mahakamani, na wengi huenda bila wakili. Sheria haiwazuii. Amri ya III ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inamruhusu mtu kufika mahakamani yeye mwenyewe, kupitia mwakilishi anayetambuliwa kisheria, au kupitia wakili.

Taabu ya anayejisimamia mara chache huwa katika kusimama na kueleza. Wananchi wetu wanajua kueleza yaliyowapata. Taabu huwa katika karatasi iliyotangulia mbele yao, yaani hati ya madai. Jina la mdaiwa limekosewa, kiasi cha fedha hakikutimia, mipaka ya shamba haikutajwa, au jambo lililo kiini cha mgogoro halikuandikwa kabisa. Kasoro hizi nyingi zinatibika kwa ombi moja fupi likiletwa mapema. Zikiachwa hadi siku ya ushahidi, au hadi mdaiwa aziwekee pingamizi, zinaweza kumgharimu mdai shamba au fedha alizostahili kuzipata. Makala haya yanaeleza kasoro zipi hurekebishwa, wakati gani, kwa utaratibu gani, na pale ambapo marekebisho hayawezi kusaidia.

Kwa nini hati ina uzito kuliko maneno

Katika mashauri ya madai, kila upande hufungwa na maelezo yake ya maandishi. Mahakama huamua mgogoro uliomo katika hati ya madai na katika majibu ya mdaiwa. Ushahidi unaotolewa juu ya jambo lisiloandikwa humo hauna mahali pa kushika, hata kama ni wa kweli na umetolewa na mashahidi kumi. Mdai aliyeandika kwamba anadai fedha za mzigo mmoja hawezi kusimama kizimbani na kuthibitisha mizigo miwili, kisha akategemea hukumu ya mizigo yote miwili.

Sababu yake ni ya haki. Mdaiwa huandaa utetezi wake kwa kusoma hati aliyopelekewa. Kama mdai angeruhusiwa kuibua madai mapya siku ya ushahidi, mdaiwa angehukumiwa kwa jambo ambalo hakupewa nafasi ya kulijibu. Ndiyo maana sheria imeweka mlango mmoja wa kubadili madai: marekebisho kwa ruhusa ya mahakama, ili upande wa pili upate taarifa na nafasi ya kujibu.

Amri ya VII, Kanuni ya 1, inataja mambo ambayo hati ya madai inapaswa kuwa nayo. Nayo ni jina la mahakama, majina, maelezo na makazi ya mdai na ya mdaiwa kwa kadiri yanavyofahamika, ukweli unaounda chanzo cha madai na lini chanzo hicho kilitokea, maelezo yanayoonyesha kwamba mahakama ina mamlaka, nafuu inayoombwa, na thamani ya kinachodaiwa kwa ajili ya kubaini mamlaka na ada. Pale mgogoro unapohusu ardhi, Kanuni ya 3 inataka ardhi hiyo ielezwe kwa namna inayotosha kuitambua. Mwananchi anayetaka kujua kama hati yake ina kasoro aanze kwa kuisoma akiwa na orodha hii pembeni.

Kwanza, fahamu uko mbele ya chombo kipi

Utaratibu unaoelezwa hapa ni wa Mahakama ya Wilaya, Mahakama ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu, ambako Sura ya 33 inatumika. Mahakama za Mwanzo zina kanuni zao za mwenendo wa madai, na huko mdai anaweza kuleta madai yake kwa maneno yakaandikwa. Aliyeko Mahakama ya Mwanzo na ambaye amegundua kasoro katika madai yake amweleze hakimu jambo hilo mapema, kabla mashahidi hawajaanza kusikilizwa, na ahakikishe kwamba alichokieleza kimeingia kwenye kumbukumbu za shauri. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya kawaida yasiyozidi shilingi milioni 30, au milioni 50 pale yanapohusu mali isiyohamishika iliyo ndani ya mamlaka yake.

Migogoro ya ardhi ina njia yake chini ya Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata husuluhisha tu na halitoi uamuzi wa nani mwenye haki. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitasikiliza mgogoro unaohusu umiliki au maslahi katika ardhi mpaka Baraza la Kata lithibitishe kwamba usuluhishi umeshindikana, au siku 30 zipite bila usuluhishi kukamilika. Katika Baraza la Wilaya hati ya kufungulia shauri huitwa maombi, na wahusika huitwa mwombaji na mjibu maombi. Pale kanuni za Baraza hilo zisipojitosheleza, Sura ya 33 hutumika. Kwa hiyo mengi yaliyomo katika makala haya yanamfaa pia mwombaji wa Baraza la Wilaya.

Kasoro zinazotibika

Amri ya VI, Kanuni ya 17, inaipa mahakama mamlaka ya kumruhusu yeyote kati ya wadaawa kubadili au kurekebisha maelezo yake katika hatua yoyote ya shauri, kwa namna na masharti yaliyo ya haki. Kipimo chake ni kimoja: marekebisho yawe ya lazima ili kuamua maswali halisi ambayo pande mbili zinabishania. Chini ya mamlaka hayo, mambo yafuatayo hurekebishwa mara kwa mara.

Majina. Mdai ameandika jina la utani la mdaiwa, au amekosea herufi, au ameshtaki jina la duka. Jina la biashara lililopakwa rangi ukutani si mtu mbele ya sheria. Anayeshtakiwa ni mmiliki wake, au kampuni kwa jina lake kamili lililosajiliwa.

Wahusika. Mtu muhimu ameachwa, au asiyehusika ameingizwa. Amri ya I, Kanuni ya 9, inaeleza kwamba shauri halianguki kwa sababu tu ya kuunganisha wahusika wasiofaa au kuacha wanaofaa. Kanuni ya 10 inaipa mahakama uwezo wa kumwondoa au kumuongeza mhusika, na mdaiwa mpya akiongezwa, hati ya madai hurekebishwa kumjumuisha.

Tarehe na kiasi. Mdai amesahau kuandika makubaliano yalifanyika lini, yalivunjwa lini, au amekosea hesabu. Kosa la tarehe laweza kuonekana dogo, lakini ni tarehe inayoonyesha kama madai yako ndani ya muda.

Maelezo ya ardhi. Ardhi iliyopimwa hutambuliwa kwa namba ya kiwanja na kitalu. Shamba lisilopimwa lielezwe kwa kijiji na kitongoji lilipo, ukubwa wake kwa ekari, na majirani au alama za kudumu za pande zote nne, kama vile barabara, korongo, mti mkubwa au mlima. Kuandika tu “shamba langu lililoko kijijini” hakutoshi, kwa kuwa hata mdai akishinda, dalali wa mahakama hatajua aweke wapi mipaka.

Nafuu. Mdai ameeleza vizuri alivyodhulumiwa lakini mwishoni ameomba fedha pekee, ilhali anahitaji pia tamko la umiliki au zuio la kuendelea kulima. Asichoomba mtu asitegemee kupewa.

Uthibitisho na saini. Hati husainiwa na mdai na huwa na sehemu ya uthibitisho inayotaja aya zipi anazijua mwenyewe na zipi amezipata kwa taarifa anazoziamini, pamoja na mahali na tarehe. Sehemu hii ikikosekana au ikiwa na kasoro, huweza kurekebishwa.

Pale marekebisho yanapogota

Hukumu moja ya zamani iliyotokana na shauri la Tanzania inasaidia kujua mpaka ulipo. Katika shauri la Auto Garage dhidi ya Motokov, lililoamuliwa mwaka 1971 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, mahakama ilieleza nguzo tatu za chanzo cha madai: kwamba mdai alikuwa na haki, kwamba haki hiyo ilivunjwa, na kwamba mdaiwa ndiye anayewajibika. Nguzo zote tatu zikionekana katika hati, upungufu mwingine waweza kusahihishwa kwa marekebisho. Nguzo mojawapo ikikosekana, mdai yuko hatarini. Amri ya VII, Kanuni ya 11, inaagiza hati isiyoonyesha chanzo cha madai, au ambayo kwa maelezo yake yenyewe inaonekana kuzuiwa na sheria, ikataliwe. Kanuni hiyo hiyo, hata hivyo, inaipa mahakama hiari ya kuruhusu marekebisho ikiridhika kwamba yataondoa kasoro hiyo. Mdai anayejisimamia aijue hiari hii na aiombe kwa kutaja kanuni yenyewe.

Hukumu nyingine inayotumika hadi leo ni ya Eastern Bakery dhidi ya Castelino ya mwaka 1958. Hapo mahakama ilieleza kwamba marekebisho yanayoombwa kabla ya usikilizwaji yaruhusiwe kwa wepesi, mradi upande wa pili usidhulumike, na kwamba hakuna dhuluma ikiwa upande huo unaweza kufidiwa kwa kulipwa gharama. Lakini mahakama iliweka mipaka. Marekebisho hayatumiki kuondoa chanzo kimoja cha madai na kuweka kingine kilicho tofauti kabisa, wala kubadili kinachogombaniwa. Aliyefungua shauri la deni la alizeti hawezi kuligeuza kuwa shauri la shamba. Vilevile hayatumiki kumnyang’anya mdaiwa kinga aliyokwisha kuipata, hasa kinga ya ukomo wa muda.

Suala la muda linahitaji uangalifu wa pekee. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba, miaka 3 kwa madai ya madhara yasiyotokana na mkataba, na miaka 12 kwa madai ya kurejesha ardhi. Mdai anayekumbuka dai lingine baada ya muda wake kwisha asitarajie kuliingiza kwa mlango wa marekebisho.

Wapo wanaoamini kwamba Katiba itawaokoa kwa kila kosa. Ni kweli kwamba Ibara ya 107A(2)(e) inaagiza mahakama kutenda haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi, na kwamba marekebisho ya mwaka 2018 yaliingiza katika Sura ya 33 lengo kuu la kutatua mashauri kwa haki, kwa haraka na kwa gharama nafuu. Lakini Mahakama ya Rufani, katika shauri la Halmashauri ya Kijiji cha Mondorosi na wengine dhidi ya Tanzania Breweries Limited na wengine, Rufaa ya Madai Na. 66 ya 2017, ilieleza kwamba lengo hilo haliwezi kutumiwa bila kujali masharti ya lazima yanayogusa msingi wa shauri. Katiba humsaidia mwenye kasoro ndogo. Haiwi badala ya kusoma hati na kuirekebisha mapema.

Wakati ni nusu ya haki

Kanuni ya 17 inasema “hatua yoyote”, lakini uzoefu wa mahakama unaonyesha kwamba kadiri shauri linavyosonga mbele ndivyo mlango unavyozidi kuwa mwembamba. Hatua nne zinafaa kukumbukwa.

Hatua ya kwanza ni tangu kufungua shauri hadi mdaiwa ajibu. Mdaiwa ana siku 21 tangu kupelekewa wito na hati ili kuwasilisha utetezi wake wa maandishi. Kasoro ikigundulika katika kipindi hiki, kuirekebisha humsumbua mdaiwa kidogo, na gharama zake huwa ndogo.

Hatua ya pili ni baada ya utetezi na kabla ya mahakama kupanga ratiba ya shauri. Hapa mdai ana faida ya kusoma majibu ya mdaiwa. Utetezi mara nyingi hufichua kasoro: mdaiwa anapoandika kwamba “shamba hilo halijulikani”, au kwamba “aliyepokea mzigo ni kampuni wala si mimi”, anamwonyesha mdai mahali pa kurekebisha.

Hatua ya tatu ni baada ya amri ya ratiba. Amri ya VIII, kama ilivyorekebishwa mwaka 2019, inazuia kwenda kinyume na ratiba iliyopangwa isipokuwa mahakama iridhike kwamba haki inahitaji hivyo. Anayetaka mabadiliko katika hatua hii anaweza kubebeshwa gharama. Hapo mdai atapaswa kueleza kwa nini alichelewa.

Hatua ya nne ni baada ya ushahidi kuanza. Ruhusa bado inawezekana, lakini mashahidi wamekwishasikilizwa, na mahakama itajiuliza kama mdai anatafuta haki au anaziba matundu yaliyofunuliwa na maswali ya upande wa pili.

Jambo jingine linalohusu wakati ni pingamizi la awali. Mdaiwa akishawasilisha pingamizi kwamba hati ina kasoro ya kisheria, mahakama yaweza kukataa marekebisho ambayo lengo lake ni kulikwepa pingamizi hilo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mashauri ya madai, ufa huonekana siku hati inaposomwa upya kwa makini.

Namna ya kuomba

Kwanza, soma hati yako yote na uandike kando kila kinachohitaji kubadilishwa, ukitaja namba ya aya. Usiombe ruhusa ya “kurekebisha hati” kwa ujumla bila kujua unachotaka kubadili, kwa kuwa hakimu atauliza, na upande wa pili utauliza pia.

Pili, peleka ombi. Utaratibu wa kawaida chini ya Amri ya XLIII, Kanuni ya 2, ni maombi ya maandishi yanayoambatana na hati ya kiapo. Katika kiapo eleza mambo matatu: nini kimekosewa, kwa nini kilikosewa, na kwa nini marekebisho hayatamdhulumu mdaiwa. Kanuni hiyo pia inairuhusu mahakama kusikiliza ombi la mdomo inapoona inafaa. Katika kasoro ndogo, mdai anaweza kusimama shauri linapotajwa na kusema: “Mheshimiwa, naomba ruhusa chini ya Amri ya VI, Kanuni ya 17, kurekebisha aya ya 2 na ya 5 za hati yangu ya madai.” Kisha aeleze sababu zake kwa ufupi.

Tatu, sikiliza amri kwa makini na uiandike. Mahakama ikikubali hupanga siku ambayo hati mpya iwe imewasilishwa, na yaweza kuagiza mdai alipe gharama za usumbufu. Kanuni ya 18 ya Amri ya VI ni kali: muda ukipita bila kuwasilisha hati iliyorekebishwa, mdai hataruhusiwa kufanya marekebisho hayo mpaka aongezewe muda. Ukiona utachelewa, rudi mahakamani kuomba nyongeza kabla siku haijafika.

Nne, andika hati nzima upya. Usipeleke ukurasa mmoja wa masahihisho. Juu yake iandikwe “Hati ya Madai Iliyorekebishwa”, pamoja na tarehe ya amri iliyotoa ruhusa. Rekebisha yale tu uliyoruhusiwa. Ukiongeza jambo lisiloombwa, mdaiwa ana haki ya kulipinga. Kumbuka pia kwamba hati mpya huchukua nafasi ya ile ya awali. Jambo lililokuwa katika hati ya kwanza na likasahaulika katika ya pili limeachwa. Nakili kila aya inayobaki, weka viambatisho vyote upya, saini, thibitisha, na mwishoni taja aliyeiandaa hati.

Tano, wasilisha na upeleke nakala. Nyaraka huwasilishwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Mahakama. Asiye na kompyuta afike masijala mapema aelekezwe namna ya kuwasilisha. Hakikisha mdaiwa amepata nakala na utunze uthibitisho wa kupokelewa. Mdaiwa naye atapewa nafasi ya kurekebisha utetezi wake, na hiyo ni haki yake.

Lugha isiwe kikwazo. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na Kiingereza hutumika katika mazingira maalumu. Mdai anayejisimamia ana kila sababu ya kuandika hati yake kwa Kiswahili anachokielewa. Hati ya Kiingereza iliyoandikwa na mtu mwingine, na ambayo mdai hawezi kuisoma, ni chanzo kimojawapo cha makosa yanayogundulika kizimbani.

Mfano wa kubuni

Tuseme mkulima mmoja alimuuzia mwenye mashine ya kukamua mafuta magunia 620 ya alizeti kwa shilingi 70,000 kila gunia, mzigo wa kwanza magunia 500 na wa pili magunia 120, kwa makubaliano mamoja. Hakulipwa. Katika hati yake aliandika:

“Aya ya 2: Mdaiwa ni mashine ya mafuta iliyopo sokoni.

Aya ya 5: Mdaiwa alichukua alizeti yangu magunia 500 na hakulipa. Nadai shilingi 35,000,000.”

Hati hii ina kasoro tatu. Mashine si mtu. Tarehe haipo. Mzigo wa pili wenye thamani ya shilingi 8,400,000 umesahaulika. Nguzo za madai, hata hivyo, zinaonekana: palikuwa na mauziano, malipo hayakufanyika, na yuko anayepaswa kulipa. Kwa ruhusa ya mahakama aya hizo zinaweza kusomeka hivi, mdai akijaza majina na tarehe za kweli:

“Aya ya 2: Mdaiwa ni (jina kamili), mkazi wa (kijiji, kata na wilaya), anayefanya biashara ya kukamua mafuta kwa jina la (jina la biashara).

Aya ya 5: Kwa makubaliano ya tarehe (siku, mwezi na mwaka), mdaiwa alinunua kwa mdai magunia 620 ya alizeti kwa bei ya shilingi 70,000 kila gunia. Alipokea magunia 500 tarehe (…) na magunia 120 tarehe (…). Bei yote, yaani shilingi 43,400,000, ilipaswa kulipwa ifikapo tarehe (…), na hadi shauri hili linafunguliwa haijalipwa.”

Mdai huyu abadilishe pia sehemu ya nafuu na ya thamani ya madai ili zisome shilingi 43,400,000, na alipe tofauti ya ada endapo ipo. Kosa la kawaida ni kurekebisha aya moja na kusahau zile zinazoitegemea.

Mdaiwa anapokuwa Serikali au Halmashauri

Mwananchi ana haki ya kuidai Serikali, ikiwemo Halmashauri ya Wilaya au ya Kijiji. Lakini hapa marekebisho ya hati hayatoshi peke yake. Chini ya Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, kama ilivyorekebishwa mwaka 2020, mdai hutoa kwanza notisi ya siku zisizopungua 90 inayoeleza msingi wa madai yake, na nakala humfikia Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Shauri hufunguliwa Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu huunganishwa kama mhusika wa lazima. Asipounganishwa, mwenendo mzima huwa batili.

Hivyo, aliyefungua shauri dhidi ya mtu binafsi na kisha akagundua kwamba Halmashauri ya Kijiji ndiyo iliyogawa shamba lake, asikimbilie kuongeza jina la kijiji katika hati. Hati iliyorekebishwa haiwezi kuzaa notisi ambayo haikutolewa. Njia iliyo salama mara nyingi ni kuomba kuliondoa shauri kwa ruhusa ya kulifungua upya, kutoa notisi, kusubiri siku 90, na kulifungua Mahakama Kuu, huku akihesabu kwa makini muda wa ukomo. Notisi kwa Halmashauri ipelekwe kwa maandishi, na mdai abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Ombi likikataliwa, au shauri likiondolewa

Kukataliwa kwa ombi la marekebisho hakufungi shauri. Linaendelea kwa hati iliyopo, na mdai apime kama linasimama bila marekebisho hayo. Akiona haliwezi kusimama, Amri ya XXIII inamruhusu kuomba kuliondoa kwa ruhusa ya kulifungua upya. Neno “kwa ruhusa” ndilo lenye uzito. Anayeliondoa shauri bila kuomba ruhusa hiyo hujifungia mlango wa kudai tena jambo lile lile.

Vilevile asome amri ya mahakama kwa utulivu. Shauri lililoondolewa kwa kasoro za kiutaratibu linaweza kufunguliwa tena baada ya kasoro kusahihishwa, ikiwa bado liko ndani ya muda. Shauri lililotupwa baada ya kuamuliwa halifunguliwi upya, na njia iliyobaki ni rufaa. Hati iliyokataliwa chini ya Kanuni ya 11 ya Amri ya VII haimzuii mdai kuleta nyingine iliyo sahihi. Wananchi kadhaa hukata tamaa kwa kudhani wameshindwa, kumbe wameelekezwa kurudi na karatasi iliyo sawa.

Mahali pa kupata msaada

Karani wa mahakama anaweza kueleza utaratibu, ada na tarehe, lakini hawezi kumwandikia mdai sababu zake. Hakimu hawezi kushauri upande mmoja, na asilaumiwe kwa hilo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, ambao hutoa huduma bila malipo kwa wasio na uwezo. Msaidizi wa kisheria anaweza kumweleza mwananchi haki zake, kumwelekeza kwenye chombo sahihi na kumuunganisha na wakili wa msaada, ila hamwakilishi mahakamani. Afisa Maendeleo ya Jamii na Mtendaji wa Kata wanaweza kukuelekeza kwa watoa huduma hao.

Mwananchi ajihadhari na vishoka wanaozunguka viunga vya mahakama wakiandika hati kwa malipo. Sheria ya Mawakili hairuhusu mtu asiye na sifa kuandaa nyaraka hizo kwa malipo, na hati yenye makosa humwangukia mdai wakati mwandishi wake ameshaondoka. Anayejitambulisha kuwa wakili ahakikiwe katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania kabla hajapewa fedha. Hukumu za mahakama zetu husomwa bure katika TanzLII, na kijana wa familia mwenye simu anaweza kumtafutia mzazi wake hukumu inayofanana na shauri lao.

Kabla ya tarehe yako ijayo ya mahakama, tenga saa moja. Soma hati yako kwa sauti mbele ya mtu unayemwamini ambaye hajui kisa chako. Muulize: nani anadai, anamdai nani, kwa sababu gani, tangu lini, na anataka apewe nini? Pale atakaposhindwa kujibu kwa kutegemea karatasi pekee, ndipo panapohitaji marekebisho, na muda wa kuyaomba ni sasa.